Naomba ushauri: Canonet ya marehemu mjomba

Hamjambo ndugu zangu wapenzi wa picha. Nimerithi kamera ya filamu, Canon Canonet QL17 GIII, ya marehemu mjomba, lenzi ya milimita 40, tundu lake la mwanga hufunguka hadi f/1.7. Naipenda mno, ni ndogo, napita nayo vichochoro vya Mji wa Kale bila kumshtua mtu. Shida ni betri ya kipima mwanga. Ile ya zebaki ya volti 1.35 haitengenezwi tena, nikaweka ya volti 1.5, na picha zangu za Fort Jesus zikatoka giza. Sasa nakadiria mwanga kwa macho. Tena ndani ya lenzi, pembeni, kuna utando mweupe kama wa buibui. Nadhani ni kuvu, kwa unyevu huu wetu wa pwani.

Kwa filamu ya ISO 200 (namba ya wepesi wake kwa mwanga), niweke ISO ngapi kwenye kamera ili kipima mwanga kisome sawa na betri hii ya volti 1.5? Na kuvu huyo, fundi gani hapa Mombasa anaweza kumsafisha bila kuharibu lenzi?