Naomba ushauri: kulisha na kufunza mtoto wa mbwa aina ya boxer kwenye joto la Mombasa

Habari zenu wapenzi wa mbwa. Niko Kisauni, nina mtoto wa boxer, dume, ana miezi mitatu. Chanjo ya kwanza ya parvo (ugonjwa hatari wa kuhara wa mbwa) keshapata, zilizobaki daktari wa mifugo ameshazipangia tarehe, kwa hiyo bado simtoi nje ya geti.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni chakula. Nampa ugali laini na omena wa kuchemsha, mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Anakula kwa pupa mpaka bakuli linasukumwa hadi ukutani, na choo chake ni chepesi mno. Je, omena ndio wanamsumbua au ugali ni mwingi? Chakula cha dukani ni ghali, lakini nikichanganya nusu kwa nusu kitamfaa? Jirani asema nimwongezee unga wa kalsiamu. Mimi naogopa, maana mbwa wa mwili mkubwa akizidishiwa kalsiamu angali anakua, mifupa hukua vibaya.

Kufunzwa, anashika haraka. Akiona kipande cha ini mkononi, "kaa" anakaa papo hapo. Bila ini haniangalii kabisa. Tena anang'ata vidole vya watoto wangu wakicheza naye, na meno yale ni kama sindano. Nimwachishe vipi bila kumpiga?

Kwa kuwa pua yake ni fupi na joto humlemea upesi, namfunza alfajiri na baada ya magharibi tu. Waliofuga boxer hapa pwani, mchana mnawapoza vipi?