Nimeteuliwa afisa kiungo wa jinsia na tabianchi, naanzia wapi nisiwe jina tu kwenye orodha?

BintiMasika (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu hasa nyie mliofanya kazi serikalini au na mashirika.

Mimi ni mtumishi kwenye wizara moja, sitaitaja. Huu mwezi wa pili tangu nipewe barua ya kuwa afisa kiungo wa jinsia na mabadiliko ya tabianchi, yaani niangalie mipango ya tabianchi isiwasahau wanawake. Barua yenyewe ina mistari minne: nitahudhuria vikao, nitaratibu, nitatoa taarifa, basi. Haisemi naripoti kwa nani, haina hela, na kazi yangu ya zamani iko pale pale mezani.

Sasa wiki iliyopita saa tisa mchana naletewa andiko la mradi wa umwagiliaji, kurasa 60 na kitu, naambiwa "weka jinsia humo, kesho asubuhi linatoka". Nililisoma mpaka saa nne usiku. Kila kitu kimehesabiwa kwa kaya, na kaya imeandikwa kwa jina la mwenye shamba, kwa hiyo yule mke anayelima hilo shamba, na zamu ya maji ikiangukia usiku ndiye anayetoka na tochi na jembe kwenda kufungua mfereji, hayumo popote. Nikaandika hayo yote nikatuma. Lilipotoka nikaona wameongeza sentensi moja tu, kwamba wanawake na vijana watashirikishwa kikamilifu.

Iliniuma sana aisee. Mwenye uzoefu anisaidie, hii nafasi inapataje nguvu?

Mstaafu_Mipango

Mwanangu, hongera na pole. Nimekaa idara ya mipango miaka mingi, nikwambie nilichokiona.

Wewe uliletewa andiko likiwa limeshapikwa. Pale hata ungeandika kurasa kumi zisingeingia, kwa sababu shughuli zimeshapangwa na hela zimeshagawanywa, kilichobaki ni maneno, na wao wakakupa maneno. Kwa hiyo usipiganie sentensi, piganie kasma, yaani fungu lenye hela yake kwenye bajeti. Mwongozo wa bajeti wa Hazina ukitoka, kila idara inakaa kupanga shughuli zake ndani ya ukomo wa hela iliopewa, na hapo ndipo uwe umekaa nao. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini ukija mwezi wa nne wakati bajeti iko Bungeni umechelewa, labda usubiri mwaka mwingine. Omba shughuli moja tu, ndogo, yenye kasma yake, kwa mfano kukusanya takwimu za nani hasa analima na nani anamwagilia kwenye skimu tatu za umwagiliaji. Hata ikipewa hela kidogo, mwakani ipo kwenye mfumo na kuifuta inabidi mtu atoe sababu.

La pili hiyo barua. Rudi kwa mkuu wako kwa heshima, mwombe hati ya majukumu, na hayo majukumu uyaingize kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, upimwe nayo. Kazi usiyopimwa nayo utaifanya usiku kila siku, kama ulivyofanya hiyo.

Halafu tafuta mwongozo wa Ofisi ya Makamu wa Rais wa 2012 wa kuingiza jinsia kwenye sera, mikakati na bajeti za kuhimili tabianchi. Ni wa zamani ila ni wa serikali yenyewe. Mtu akikwambia unaleta mambo yako, unamwekea mezani.

Jembe_Halisi

Samahanini wakuu, mimi ni mkulima, nauliza kwa nia njema. Ukame hauchagui mke wala mume, mahindi yakikauka tunalala njaa wote. Sasa huyu afisa anakuja kutofautisha nini?

MchangaMweupe

@Jembe_Halisi swali zuri kaka, ngoja nikujibu kwa kitu ninachokiona kila bamvua, zile siku maji ya bahari yanapotoka mbali sana.

Mimi niko Unguja, upande wa kusini, mama yangu ni mkulima wa mwani tangu mimi mdogo. Huku mwani ulianza mwishoni mwa miaka ya 80 na wakulima wengi ni wanawake. Kuna aina mbili, spinosum na cottonii, na cottonii ndiyo yenye bei. Maji ya bahari yalivyozidi joto cottonii ikaanza kufa, unaiona matawi yanageuka meupe, ukiishika inakatika mkononi kama tambi zilizoiva. Waliobaki na spinosum wanauza kwa bei ya chini. Dawa ni kuhamia maji marefu kwenye ubaridi, lakini huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na mama zetu wengi hawakufundishwa kuogelea, huku mtoto wa kike kuogelea hadharani si jambo la kawaida. Mama mpaka leo maji yakimfika kifuani anarudi.

Sasa wataalamu wakikaa mjini wakaandika "wakulima wahamie kina kirefu", wamewaondoa wanawake kwenye zao lao wenyewe na wala hawajajua. Afisa aliyewahi kusimama pale maji yakitoka akamuona mama anafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo, huku anaangalia maji yasije yakarudi, ndiye atakayeuliza mafunzo ya kuogelea yamo kwenye mradi au hayamo, na chombo kitaandikwa jina la nani.

Jembe_Halisi

Hapo nimekuelewa vizuri. Asante sana.

Wodi_Mashinani

Dada BintiMasika salamu kutoka Kenya. Mimi nafanya kazi kwenye kaunti moja kule kaskazini. Huku sheria ya tabianchi ya 2016 na mfumo wa ugatuzi zimetusaidia, pesa za tabianchi zinashuka mpaka wodi, nyinyi mnaita kata, na kila wodi ina kamati yake ya kupanga miradi. Hii ilijaribiwa kwanza Isiolo, ikaenda Wajir, Garissa, Kitui na Makueni, ndio baadaye ikapelekwa kaunti zingine.

Lakini usidhani kuwa na akina mama kwenye kamati inatosha. Kuna kamati moja nilikuta majina yao yote yako kwenye rejista na hakuna hata mmoja aliyeongea. Nikakaa nikaangalia, mkutano unaanza saa tatu asubuhi, saa hiyo wao bado wako njiani na punda kutoka kwa kisima, wanafika mambo yameamuliwa, wanasaini, wanaenda. Tukasongesha mkutano saa nane mchana, chini ya mti karibu na pale wanachota maji. Siku hiyo ya kwanza wakabadilisha mahali pa tangi, wakasema pale wazee walichagua ngamia watakunywa vizuri lakini mtoto akitumwa maji anapita korongo. Hiyo hakuna mtu wa ofisi angejua.

Kwa hivyo ushauri wangu, usikae makao makuu pekee yake. Tafuta watu wa maendeleo ya jamii huko kwa halmashauri zenu, wawe wanakuletea habari kama hizi, na ukienda kikao unaenda na tangi na korongo, watu wanasikiza.

Nyaraka_na_Kahawa

Naongezea upande wa kimataifa kwa ufupi, maana wengi wanaona hii nafasi ni ya hisani. Programu ya jinsia iliyopewa jina la mji wa Lima ilianza 2014 chini ya mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, halafu kwenye mkutano wa Marrakech 2016 ndipo nchi zikaombwa kuteua afisa kama wewe, kwa ajili ya majadiliano, utekelezaji na ufuatiliaji. Shika hayo matatu, kwa sababu wengi wanaishia kwenye majadiliano, yaani safari. Mkutano wa Baku 2024 programu ikaongezwa miaka 10, na ule wa Belém 2025 ukapitishwa mpango kazi mpya wa jinsia. Kwa hiyo una muda, na una karatasi ya kumuonyesha katibu mkuu wa wizara yako.

Kitu kimoja kinachoua hii kazi ni kubadilisha watu kila mara. Afisa anajifunza miaka miwili, anahamishwa, anaondoka na kila kitu kichwani, mpya anaanza moja. Fungua faili la ofisi tangu leo, na omba uwe na msaidizi mwenye barua.

BintiMasika

Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Mzee @Mstaafu_Mipango shikamoo, hilo la kasma sikuwahi kuliwaza kabisa, mimi nilikuwa nahangaika na maneno. Kesho naanza kwa mtu wa bajeti wa idara, nataka kujua hizo skimu tatu zinaweza kukaa kwenye shughuli gani kabla watu hawajagawana ukomo. Faili nimeshafungua jioni hii, karatasi ya kwanza nimeweka lile andiko la umwagiliaji na maoni yangu yote yaliyokataliwa, atakayekuja ayaone.

@MchangaMweupe dada, bamvua ijayo ni lini? Ninazo siku tano za likizo zimebaki, natamani nije nisimame hapo na mama.

MchangaMweupe

Karibu sana. Njoo na viatu vya mpira, kuna viumbe wa baharini wenye miiba wengi. Maji yanatoka mapema asubuhi, mama atakuamsha.