KinAct ya Kinshasa: ni tamasha la wasanii kweli au ni picha tu?

Kijana_wa_Mwanza
Habari zenu wakubwa. Nafanya maonyesho ya peke yangu hapa Mwanza. Nimejishonea joho la nyavu kuukuu za wavuvi na vifuniko vya soda. Kila ukumbi ninaobisha hodi wanataka ngoma au vichekesho. Nimeona picha za KinAct, watu wamejivika makopo na nyaya tangu kichwani hadi miguuni. Aliyewahi kuwaona anisaidie: mpita njia anaambulia nini pale?

Yaya_Boyoma
Mdogo wangu, ni tamasha, na ni la wasanii wenyewe. Lilianza 2015, mwanzilishi wake ni Eddy Ekete, yule wa vazi la makopo. Mimi ni mzaliwa wa Kisangani, niko Kinshasa nauza vitenge, sanaa sikuisomea. Unatoka zako kununua mkate Matonge, unakutana na mtu kajifunga nyaya za umeme mwili mzima, kwenye mtaa ambao umeme hukatika kila mara. Hapo nani asubiri kuelezwa?

Ekete unamsikia kabla hujamwona. Makopo yanagongana kila hatua, watoto nyuma yake. Akisimama, huwezi kujua uso uko upande gani.

Lakini lililonishika mimi ni vazi la Shaka Fumu Kabaka, limejaa wanasesere wa plastiki. Kaliita Matshozi 6 Jours, yaani machozi ya siku sita. Ni vita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa mizinga ndani ya Kisangani yetu, raia kwa mamia wakafa. Nilikuwepo, tumejibanza chini ya kitanda na wadogo zangu. Hotuba juu ya siku zile nimezisikia nyingi. Hakuna iliyonisimamisha njiani na mzigo kichwani kama wale wanasesere.

Basi wenye kumbi usiwabembeleze. Nenda mwaloni Kirumba. Wavuvi wanajua wavu unavyochakaa, hao ndio watu wako.

Mzee_wa_Jukwaa
Dada, maneno yako nayaheshimu, ila barabara hailipi. Huyu kijana atakula nini?

Yaya_Boyoma
Kweli kaka, hailipi. Wapo walioalikwa Ulaya na mavazi hayohayo, lakini si kila mtu. Ndiyo maana inaniuma miji yetu ikigharamia jukwaa la muziki la usiku mmoja, halafu msanii wa namna hii akose hata nauli na chumba cha kushonea. Tamasha linampa wenzake wa kumwambia ukweli kuhusu kazi yake, na mtaa uliokwisha kuzoea kumtazama. Akiwa peke yake watamwita kichaa. Wakitoka ishirini, watu wanauliza kuna nini.

Fundi_Mavazi_Dar
Mdogo wangu, upande wa kazi sasa. Jisajili BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, kisha toa taarifa serikali ya mtaa na polisi kabla ya siku yenyewe. Tembea na mwenzio asiyevaa chochote cha ajabu, awe macho yako na akubebee maji, maana ndani ya vazi kama hilo joto linaangusha mtu. Joho lifungwe kwa mbele, fundo moja, uweze kulivua mwenyewe haraka. Na nyavu zikilowa huwa nzito, umelijaribu likiwa na maji?

Kijana_wa_Mwanza
Bado, bosi. Jumamosi nalichovya ziwani nione. Yaya, kuna mwenzangu mmoja anashona mavazi ya viroba, nitamwambia tuende wote Kirumba.