Udaktari Uingereza: maelezo binafsi ya UCAS yaandikweje?

Shangani_Mtw
Wakuu, heshima mbele. Dogo kamaliza kidato cha sita PCB (fizikia, kemia, biolojia) hapa Mtwara, anaomba udaktari Uingereza. Huku kwetu tumezoea ufaulu tu, kule wanataka na maelezo binafsi, yaani maandishi ya mwombaji kujieleza, yanayotumwa kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya kule. Rasimu yake imeanza na "tangu utotoni napenda kusaidia watu". Arekebishe wapi? Na habari za shamba la korosho aziweke?

Teacher_PCB
Kwanza aulize kila chuo kama kinapokea matokeo ya kidato cha sita bila mwaka wa maandalizi. Wengi huruka hapo, ada ya maombi ikapotea bure.

Ile insha ndefu moja ya maelezo binafsi haipo tena kwa wanaoingia chuo kuanzia 2026. Kuna maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini na kinasaidiaje. Jumla herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa, kila jibu lisipungue 350. Si lazima majibu yalingane urefu.

"Tangu utotoni" afute. Kila mwombaji anayo. Achukue jambo moja alilolishuhudia alichimbe. Kama amejitolea zahanati, asiishie "nilisaidia kupima malaria". Aeleze kwa nini kipimo cha haraka huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya dozi: kinanasa protini ya vimelea, nayo hukaa kwenye damu hata vimelea vikishakufa. Mistari mitatu ya hivyo inaonyesha biolojia yake imefika wapi. Majina ya wagonjwa asiguse.

Mkorosho
Korosho aziweke, swali la tatu, ila si kwa kulia umaskini. Wapuliza salfa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) bila barakoa hukohoa na kuwashwa macho. Ameona nini, alimuuliza nani, alisoma nini baadaye? Hiyo ni afya ya jamii tayari. "Nilimsaidia baba shambani" peke yake haina kazi.

Teacher_PCB
Naam. Na sampuli za mtandaoni asinakili: UCAS hulinganisha maandishi na ya waombaji wengine, yakifanana vyuo vinaarifiwa.

Shangani_Mtw
Shukrani. Aandike maelezo tofauti kwa kila chuo?

Mkorosho
Hapana, ni hayo hayo kwa vyote, kwa hiyo asitaje jina la chuo. Machaguo ni matano, udaktari mwisho manne. Mwisho wa kutuma ni 15 Oktoba, saa 12 jioni ya kule, yaani saa 2 usiku kwetu. Na mwalimu wa kumwandikia barua ya mapendekezo aombwe mapema, maana bila hiyo fomu haiendi.