Naomba ushauri: nguo ninazo, mtindo wangu siuoni

Tausi_Ilala (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 27, kazi yangu ni ya ofisini maeneo ya Posta, Dar es Salaam, nakwenda na kurudi kwa mwendokasi. Simuni nimehifadhi picha za mavazi kama 200. Nyingine ni za "old money", nyingine Y2K, nyingine boho (nguo pana za kihipi), nyingine vitenge vya harusini. Kabati limejaa, lakini asubuhi naishia suruali nyeusi ileile na blauzi ileile. Nikiiga picha kama ilivyo, naonekana nimeazima nguo za mtu.

Naomba kujua: unatokaje kwenye picha hadi kwenye mtindo ulio wako? Nina 150,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, niigawe vipi kati ya mitumba, vitambaa na fundi? Na hizi nilizonazo, nizirekebishe au nizigawe? Mabega yangu membamba, hipsi pana, urefu wa kawaida. Karibuni.

Mzee_wa_Mikasi

Dada, simu iweke pembeni kwanza, anza na kabati.

Hiyo suruali nyeusi na blauzi unayoirudia usiione kama tatizo. Kati ya nguo zako zote, mwili wako umezichagua hizo mbili. Jiulize zimekupa nini. Chukua futi ya fundi, zilaze kitandani uzipime. Blauzi: bega hadi bega, kwapa hadi kwapa, bega hadi pindo. Suruali: mkanda, hipsi pale zilipo pana zaidi, mkanda hadi msambani kwa mbele, msamba hadi chini, na upana wa mguu chini. Namba zote nane ziandike kwenye simu.

Kazi yake ni hii: mitumbani lebo haisaidii. 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na hata hapo kila kiwanda kina 12 yake. Ukiwa na futi mkononi na namba zako, unapima nguo juu ya meza ya muuzaji bila kuijaribu.

Halafu chukua zile usizovaa, kila moja iandikie sababu moja tu: inabana, inapwaya, inakwaruza, haina mwenzake wa kuvaliwa naye, au naionea aibu. Zikirundikana kwenye "haina mwenzake", basi umekuwa ukinunua kwa kupenda rangi dukani bila kuwaza itavaliwa na nini. Zikirundikana kwenye "inapwaya", hiyo ni kazi ya fundi na pesa yako iende huko.

Kola_na_Suka

Naunga mkono, ila picha nazo zina kazi yake.

Kati ya hizo 200 chagua 30, haraka haraka, usifikirie. Kila picha ifunike uso na nyumba kwa kidole gumba, ubaki na nguo tu. Utashangaa ngapi ulizipenda kwa sababu ya ukumbi, mwanga wa jioni au miguu mirefu ya mwanamitindo. Hizo futa. Zinazobaki zijibie mambo matano: umbo (wapi pamebana, wapi pameachia), urefu (pindo linakata mguu wapi), rangi ngapi, kitambaa kinang'aa au kimetulia, kiatu gani. Kinachojirudia kwenye theluthi mbili ya picha ndicho chako. Kinachotokea mara tatu nne ni pambo la macho tu.

Hayo majina usiyachukue mzimamzima. "Old money" chimbuko lake ni vyuo vya kaskazini-mashariki ya Marekani na mashamba ya Waingereza: koti la sufu, sweta la kusuka, twidi, vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya baridi. Ukivileta Dar mwezi wa pili, saa mbili asubuhi umeshalowa. Chukua mifupa yake, nyama uache: mistari iliyonyooka, rangi zilizotulia, nembo zisizoonekana, nguo iliyopigwa pasi. Sufu iwe kitani. Sweta liwe shati la popolini ya pamba. Koti, ukilihitaji, liwe lisilo na bitana au lenye bitana mgongoni nusu tu.

Y2K ni suruali ya kiuno cha chini ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa mtu anayekaa na kusimama kwenye basi kila siku, na mwenye hipsi pana, hiyo ni kuivuta suruali siku nzima. Kama kinachokuvutia huko ni rangi na vikorokoro, beba mkoba mdogo na miwani, suruali waachie wenyewe.

Haraka_Haraka

Mnamchosha bure. Majina ya mitindo yametengenezwa ili watu wanunue. Avae anachopenda.

Kola_na_Suka

Mkuu, anachopenda ndicho anachouliza. Ana picha 200 anazozipenda na haziendani.

Bint_Uhuru

Mimi niseme vitambaa, maana hapo ndipo picha inapomdanganya mtu. Picha haikuonyeshi poliesta.

Ukiwa Mtaa wa Uhuru au mitumbani na huamini unachoambiwa, omba uzi mmoja kutoka kwenye ukingo, au kwenye mshono wa ndani, uuchome nje ya duka. Pamba na kitani vinanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalosagika. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Sufu na hariri vinanuka nywele zilizoungua. Mchanganyiko unakupa jivu lenye vipunje vigumu ndani yake.

Poliesta si haramu. Sketi ya marinda inahitaji kiasi chake ili marinda yakae. Lakini kwapani na mgongoni kaa mbali nayo, haisharabu jasho na harufu inaing'ang'ania hata baada ya kufua. Viskosi ni laini na inapitisha hewa, ila ikilowa inakuwa dhaifu na inarudi, kwa hiyo ilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Kitani nacho kitakunjamana tu, hakuna dawa. Asiyependa mikunjo achukue mchanganyiko wa kitani na pamba.

Sharifa_Pindo

Kuhusu rangi: zile habari za kutazama mishipa ya mkononi kama ni ya kijani au ya bluu ziache. Simama karibu na dirisha mchana, bila taa, weka vitambaa shingoni kimoja kimoja. Rangi inayokufaa unaona uso kwanza, isiyokufaa unaona kitambaa kwanza. Mwite na mtu mwingine atazame.

Kwa vazi moja, wasape, wale watanashati wa Brazzaville na Kinshasa, wana kanuni maarufu: rangi zisizidi tatu. Hao ndio waliovaa suti za rangi ambazo wengine huwezi kuwashawishi waziguse, na mwanamuziki Papa Wemba aliwapa umaarufu dunia nzima. Ujasiri wao una hesabu. Kwako wewe: rangi moja ya chini (kahawia, bluu nzito au nyeusi), moja ya juu, ya tatu iwe ndogo, kwenye kiatu, kilemba au mkoba. Kitenge chenye rangi nne tayari kimeshamaliza kazi. Kinachovaliwa nacho kichukue rangi moja iliyomo ndani yake, tena ile iliyojificha, si ile inayopiga kelele.

Tausi_Ilala (mwenye uzi)

Asanteni sana wakuu. Nimefanya zoezi la picha 30. Zilizobaki baada ya kufunika nyuso ni 19. Kwenye 15 kuna suruali pana ya kiuno cha juu na kitu kimechomekewa. Rangi ni za udongo, na karibu kila picha ina kitu kimoja cha kupiga kelele, hereni kubwa au kilemba. Suruali yangu nyeusi pia ni ya kiuno cha juu, kumbe! Ila blauzi nikichomekea, nikishika bomba kwenye mwendokasi inachomoka yote.

Mzee_wa_Mikasi

Basi umbo lako umeshalipata, na linaufaa mwili wako: suruali inayoanguka wima kutoka hipsini haifuati mkunjo wa paja.

Hiyo blauzi kuchomoka ina sababu mbili. Ya kwanza ni urefu. Ya kuchomekea inatakiwa ishuke sentimita 18 hadi 20 chini ya kiuno. Ya pili wengi hawaijui: shimo la mkono limekatwa chini mno. Watu humwambia fundi "nilegezee kwapani" wakidhani watapata nafasi, kumbe shimo likishuka, mkono ukiinuka unabeba blauzi nzima. Shimo likae juu, karibu na kwapa, na nafasi itafutwe kwenye upana wa mkono. Blauzi iliyokwisha kukatwa chini haitengenezeki kirahisi kwa sababu kitambaa cha kurudishia hakipo. Unaweza kutia kipande cha pembe nne kwapani, lakini ya kazini ni bora ushone nyingine.

Mabega membamba: mshono wa bega uishie pale mfupa unapoishia. Ukining'inia sentimita mbili chini yake, mwili wote unaonekana umenywea. Ukitaka kuyapanua, tia pedi nyembamba ya sentimita moja au chagua kola pana. Bega la koti la mtumba usimpe fundi. Kulirekebisha ni kuung'oa mkono mzima na bitana yake, na mara nyingi linarudi limepinda. Koti lisilokaa begani, liache mezani kwa muuzaji.

Suruali inunuliwe kwa hipsi, kiuno kitapunguzwa. Kupunguza mwisho ni kama sentimita 5. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana, na msamba unaanza kuvuta. Na kina cha msamba hakiongezeki, kwa hiyo kile kipimo cha mkanda hadi msambani ndicho cha kwanza kupima mitumbani.

Mama_Belo

Mitumba sasa. Nenda asubuhi siku wanayofungua belo, kila muuzaji ana siku yake, muulize tu. Kagua kwa mpangilio huu: inua nguo juani utazame msamba na viwiko kama pamesagika. Geuza kwapa ndani nje, doa la njano lililokauka mara nyingi halitoki. Vuta zipu mara tatu. Nguo inayovutika ivute upande, uiachie, ikibaki na mawimbi au vijinywele vyeupe mpira wake umekatika.

Koti litazame kola na kifua. Ukiona vipovu, gundi ya kitambaa cha ndani imeachia, na hakuna pasi itakayorudisha hiyo hali. Kiatu kibonyeze soli kwa kucha, soli za povu zilizokaa miaka stoo zinasagika kama keki siku ya pili ya kuvaa.

Mgawanyo wa pesa, ningefanya hivi. Mwezi wa kwanza usinunue nguo zaidi ya suruali mbili pana za mtumba, kahawia na bluu nzito. Nyingine yote kwa fundi, kurekebisha za kabatini. Mwezi wa pili vitambaa na blauzi mbili za kushonesha. Mwezi wa tatu kiatu kimoja kizuri cha ngozi na hicho kitu chako cha kupiga kelele. Watu wanaanza na hereni na mikoba, miezi mitatu inaisha, suruali bado ni ileile nyeusi.

Tausi_Ilala (mwenye uzi)

Nimewaelewa. La mwisho: hizo blauzi mbili nataka moja ya kitenge, moja ya khanga. Kitambaa kiasi gani, na nimwambie nini fundi asiniharibie?

Bint_Uhuru

Kitenge mara nyingi kina upana wa sentimita 115 hivi. Blauzi ya mikono mirefu itakula yadi 2, suruali pana yadi 2 na nusu hadi 3. Ukichukua pisi ya yadi 6 unapata vyote viwili na kipande cha kilemba. Lakini ua likiwa kubwa ongeza nusu yadi, kwa sababu fundi atahitaji kulilinganisha kushoto na kulia. Asipolinganisha, duara moja litakaa kifuani upande mmoja na jingine tumboni. Kiloweke kabla ya kukata: ule ugumu wa dukani ni dawa tu, ukitoka kitambaa kinalegea na kinaweza kurudi.

Khanga moja ni kama mita 1.5 kwa 1.1, inatosha blauzi isiyo na mikono, au yenye mikono mifupi kama fundi ni hodari wa kupanga. Iloweke peke yake kwenye maji baridi, ubadilishe maji mpaka yatoke safi, ndipo ikatwe. Halafu amua wewe, si fundi, pindo litakaa wapi. Likiwekwa chini linapotelea ndani ya suruali kwa vile unachomekea. Liweke kwenye mkono, au wima kwenye mstari wa vifungo. Jina lisome kabla hujanunua. Khanga ya kumsuta jirani ukiivaa ofisini, kila mtu atajiuliza jirani ni nani. Kama hutaki lisomwe, mwambie fundi jina aliache nje ya mkato.

Mzee_wa_Mikasi

Naongezea hapo kwa fundi. Kabla hajagusa khanga, mpe yadi mbili za merikani (pamba ya kawaida isiyotiwa rangi) ashone blauzi ya majaribio, bila ovaloki, bila vifungo, mishono mikubwa ya kufumuka. Ivae palepale, ichomekee, inua mkono kama umeshika bomba, keti, inama. Tia alama kwa chaki panapovuta. Halafu afumue, na vile vipande ndivyo viwe pateni yako. Uondoke navyo nyumbani. Fundi akihama au akiwa na foleni ya Idi, unampelekea mwingine vipande vyako, kazi inaendelea.