Tumeuziwa tiketi za sanamu za barafu zilizokwisha kubomolewa, na hela hawarudishi

Wakuu, nimechukia na sitaki kusubiri hasira ipoe ndipo niandike.

Jumamosi tulikwenda kwenye tamasha la sanamu za barafu katika mji mmoja mdogo kaskazini mwa Wisconsin. Jina la mji silitaji. Walioko Wisconsin na Minnesota wanaijua miji hii: barabara kuu moja, makanisa, benki, baa, na kipindi cha baridi wanafanya sherehe ili maduka na hoteli zao zipate wateja. Sina ubaya na hilo, watu wanatafuta riziki. Tumelipa dola 15 kwa kila mtu mzima, dola 8 kwa mtoto, na dola 10 za kuegesha gari kwenye uwanja wa shule uliojaa matope. Sanamu hazikuwepo.

Sisemi zilikuwa chache, au zilikuwa mbaya. Hazikuwepo kabisa. Kando ya barabara kuu kulikuwa na meza za mbao, na juu yake mabonge ya barafu yasiyo na sura, yanachuruzika. Taa za rangi walizozitega chini ya sanamu zilikuwa bado zinawaka, zinamulika madimbwi. Kilichosalia kizima ni vibao vya wafadhili. Wakala wa bima yupo, duka la matairi lipo, benki ipo, vyote vimesimama wima. Kibao kimoja kimeandikwa kwamba hapo ni tai anatua na samaki kucha­ni. Mwanangu wa kwanza anajua kusoma, akakisoma, akanitazama, akauliza tai yuko wapi. Ningemjibu nini?

Getini binti wa kujitolea alikuwa anawavisha watu bangili za karatasi huku anatabasamu. Nilipomuuliza sanamu ziko wapi akasema muziki upo na chokoleti ya moto ipo. Hiyo chokoleti ni dola 6 kikombe. Simlaumu yule binti, amewekwa pale na watu wazima ambao wenyewe hawakuonekana.

Aliyetuambia ukweli ni mchongaji mmoja mzee tuliyemkuta anapakia patasi zake kwenye gari. Alisema mvua ilinyesha Alhamisi mchana, sanamu zikaanza kuinama, na jioni ile ile wakaamua kuziangusha zote kwa misumeno zisije zikamwangukia mtoto wa mtu. Uamuzi sahihi kabisa, na nampongeza aliyeutoa. Bonge moja la kuchongea, kabla hujaunganisha na mengine, lina uzito wa kilo 136 hivi. Likikatika shingoni juu ya kichwa cha mtu hakuna hospitali itakayosaidia.

Lakini hebu pigeni hesabu. Alhamisi jioni sanamu zimeshakufa. Ijumaa asubuhi kwenye ukurasa wao wakaweka picha ya tai, mzuri, anang'aa kama kioo, na maneno ya kutukaribisha kesho yake. Hiyo picha ni ya mwaka jana! Ukiitazama nyuma utaona theluji imefika kwenye madirisha ya maduka, na mwaka huu pale mjini nyasi zinaonekana. Jumamosi asubuhi nikanunua tiketi kwa simu kabla ya kuondoka nyumbani, mfumo wao ukala hela bila kusema neno. Ndiyo maana kichwani nimeandika tumeuziwa. Mtu anayejua bidhaa haipo na bado anapokea hela yako, kwetu tunamwita nani?

Najua watakuja watu hapa kusema hali ya hewa ni ya Mungu. Ndugu zangu, hilo nimeshaambiwa pale pale kwenye hema la maelezo. Mama mmoja alinitazama usoni, akatazama familia yangu, akasema labda sisi hatujazoea, barafu huwa inayeyuka. Nimekaa Minnesota miaka, nazoa theluji kwa koleo kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, halafu mtu ananifundisha kwamba barafu inayeyuka. Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na wazungu waliotoka Duluth, mji wa baridi kali huku huku Minnesota, na watoto wao, nao walikuwa wanauliza swali lile lile. Hao nao hawajazoea?

Na hakuna anayeijua barafu kuliko hao waandaaji. Barafu ya kuchongea haitoki kwenye friji ya nyumbani. Inagandishwa kwenye mashine kuanzia chini kwenda juu, maji ya juu yakichezeshwa na pampu ili mapovu na uchafu visinaswe ndani, na bonge moja huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana linakuwa angavu kiasi kwamba unaweza kusomea gazeti nyuma yake. Likitoka kwenye baridi kali haligusi msumeno mpaka lipumzishwe lipate joto kidogo, vinginevyo linapasuka. Na hata joto likiwa chini ya sifuri, jua likiipiga sanamu moja kwa moja linaiharibu, ndiyo maana wanaziwekea turubai na kuzitafutia kivuli. Watu wenye ujuzi wa namna hiyo hawawezi kuniambia walishtukizwa. Utabiri ulionyesha tangu Jumatatu kwamba Jumamosi ingefika nyuzi 46 za Fahrenheit, yaani karibu 8 za Selsiasi. Walijua. Wakanyamaza kwa sababu wakisema tusingekwenda.

Kusema ukweli kunawezekana, na mfano upo hapo hapo Wisconsin. Mwaka 2024 theluji iligoma, na mbio kubwa za ski za Birkebeiner, zile zinazoishia mji mdogo wa Hayward, zingekufa. Waandaaji wakatengeneza theluji kwa mashine, njia ya kilomita 50 ikawa mzunguko wa kilomita 10 tu, na wakawatangazia watu mapema kwamba mkija mtakuta hivi. Aliyekwenda alikwenda akijua. Kule Ottawa, Kanada, majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, mfereji wa Rideau wanaotelezea kwa viatu vya barafu haukufunguliwa hata siku moja, mara ya kwanza tangu waanze mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walitangaza. Inauma, lakini walitangaza.

Na kuhusu kurudisha hela, tuwatazame Wachina. Harbin, mji wenye maonyesho makubwa kuliko yote ya barafu duniani, wanakata mabonge yao kutoka mto Songhua. Tarehe 18 Desemba 2023 walipofungua, watu walijaa kupita kiasi, wakapanga foleni kwenye baridi kali wasipate kuteleza kwenye ule mteremko mrefu wa barafu, wakaanza kupiga kelele kwa pamoja warudishiwe hela. Wakarudishiwa, na wakaombwa radhi kwa maandishi. Mwaka mpya uliofuata, katika mapumziko ya siku 3, Harbin ilipokea wageni zaidi ya milioni 3. Mwaka 2025 kule Chengdu kijiji kimoja cha utalii kilikosa theluji, wakatandaza pamba na maji ya sabuni ili ionekane theluji. Aibu kubwa. Lakini hata hao, baada ya kuumbuliwa, waliomba radhi na kurudisha hela za watu.

Sisi tumejibiwa kwa barua pepe kwamba masharti yanasema tamasha hufanyika kwa hali yoyote ya hewa. Tamasha gani hilo lililofanyika? Limeitwa la sanamu za barafu, tiketi imeandikwa sanamu za barafu, picha ni ya sanamu za barafu. Wakaongeza kwamba mapato yanakwenda kwa zimamoto wa kujitolea wa mji huo, kana kwamba mimi nikidai haki yangu nawaibia wazima moto. Wangeniomba mchango wa zimamoto ningetoa, tena kwa moyo mweupe. Kuniuzia kitu ambacho hakipo halafu kuniita mchoyo nikilalamika, hapana.

Kinachonichoma zaidi ni mama yangu. Ametoka Marangu, barafu ya Kibo ameitazama maisha yake yote lakini kwa mbali, na viza yake inaisha mwezi ujao. Alinunuliwa buti na koti kwa ajili ya safari hii. Tumeendesha zaidi ya saa tatu kwenda, mama mwenye magoti mabovu kakunjwa kiti cha nyuma katikati ya wajukuu, na alipofika akaniambia, "Mwanangu, usigombane na watu kwa ajili yangu." Mama, naomba unisamehe, nitagombana nao.

Ninachotaka ni hela ya kila aliyenunua tiketi kuanzia Alhamisi jioni irudi bila kuombwa, na zile picha za mwaka jana ziondolewe au ziandikwe mwaka. Siombi fidia ya mafuta wala ya muda.

Kwa mnaopanga kwenda kwenye matamasha ya namna hii kabla baridi haijaisha, pigeni simu kwenye mgahawa au hoteli yoyote ya mji husika, muulize anayepokea achungulie dirishani akwambie anaona nini barabarani. Msiamini ukurasa wa waandaaji. Na ombi langu kwenu: kuna aliyewahi kupinga malipo ya kadi benki kwa kitu kama hiki akafanikiwa? Nimepiga picha meza zote, vibao, na ule ujumbe wao wa Ijumaa kabla hawajaufuta. Nataka kujua benki itataka nini kingine, kwa sababu kesho asubuhi nafungua madai.