Msichana wa stesheni alikataa kuachilia treni bila kibali cha maandishi, na nyinyi mnamtukana!

Nimevumilia tangu juzi, leo siwezi. Ile klipu inayozunguka kwenye magrupu ya Nakuru na Kisumu, ya abiria wakimzomea msichana aliyesimama mlangoni pa ofisi ya stesheni usiku, tochi mkononi, koti la mvua likimchuruzika maji, mnaitazama na kucheka. "Siku hizi wanaajiri watoto." "Arudi kwao akalime." Mwingine analalamika kwamba treni nzima ilikaa gizani huko juu Mau karibu saa mbili kwa sababu ya karatasi.

Ndiyo, kwa sababu ya karatasi! Usiku ule mlikuwa hamna kingine kilichowatenga na mabehewa ya mizigo yaliyowatangulia ila hiyo karatasi.

Sifichi: yule msichana ni mpwa wangu. Stesheni yake sitaitaja, mwajiri wake sitamtaja, maana ana kazi ya kulinda na mtoto wa kusomesha. Lakini hata angekuwa mtoto wa adui yangu ningeandika haya haya. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye meza ya stesheni mpaka nikastaafu, na najua vizuri alichokuwa anashurutishwa kufanya.

Jioni ile ilipiga radi, zile za huku kwetu mnazijua, mitambo ya ishara ikazima. Taa ya kutokea stesheni ikabaki nyekundu. Treni ya mizigo ilikuwa imetangulia kuteremka, na ya abiria ikafika nyuma yake ikitaka kupita. Mpwa wangu akapiga simu stesheni ya mbele kuuliza: ile ya mizigo imefika yote? Akajibiwa, "Nadhani imeingia." Akauliza tena, umeiona taa ya mkia, ile ya behewa la mwisho? Mwenzake hakuwa ameiona, ukungu ulikuwa umetanda. Basi akakataa kuachilia treni mpaka mtu atembee kwa miguu hadi behewa la mwisho alione kwa macho yake.

Hapo ndipo mlipoanza kelele. Kisha mkubwa mmoja akapiga simu kutoka ofisini, mtu ambaye hakuwa zamu na hakuwa karibu na reli, akamwambia: "Mwachilie aende, fomu utajaza baadaye." Akamjibu kwa heshima: "Sawa mkubwa, naomba unitumie agizo hilo kwa maandishi pamoja na jina lako." Simu ikakatwa. Taa ya mkia ilipoonekana, pointi, zile reli zinazohamishwa kuipeleka treni huku au kule, zikakaguliwa na kufungwa kwa klampu na kufuli, fomu ya kibali ikaandikwa, dereva akaisoma kwa sauti neno kwa neno, treni ikaondoka. Mkafika nyumbani wote, mkapata nguvu ya kusambaza klipu. Yeye Jumatatu akapewa barua ya kujieleza kwa nini alichelewesha abiria.

Usiku huo alinipigia simu. "Mjomba, nilikosea wapi?" Nikamwambia, hukukosea popote, mama. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiuliza kama safari ijayo atathubutu tena. Hilo ndilo linaloniwasha moyo. Barua ile haikumfunza yeye peke yake. Imemfunza kila kijana aliye zamu kwenye stesheni za huko juu kwamba mkubwa akipiga simu, karatasi ingoje.

Wengi wenu mnadhani taa ikikwama nyekundu kwa ubovu basi haina maana tena, ni ya kupita tu. Hapo ndipo pabaya. Mitambo ya ishara za reli hutengenezwa makusudi ili ikipata hitilafu iangukie upande wa usalama. Umeme ukikatika au waya ukikatwa, ile swichi inayoshikilia kijani huachia yenyewe na taa hurudi nyekundu. Kwa hiyo taa mbovu nyekundu haisemi kwamba njia ni nyeupe. Inasema mtambo haujui tena. Huenda mbele ni wazi. Huenda kuna mabehewa yamekatika. Huenda pointi zimehama nusu. Mtambo ulikuwa unayalinda hayo yote kwa pamoja, usiku na mchana, na hakuna mheshimiwa aliyeweza kuupigia simu kuuharakisha. Ukizima, binadamu mmoja mwenye tochi ndiye anayepaswa kuyahakikisha, moja baada ya jingine, na hakuna njia ya mkato.

Taa ya mkia si pambo. Treni ya mizigo ikikatika katikati, injini inaweza kuonekana ikiingia stesheni na nusu ya mabehewa huku nusu nyingine imebaki njiani. Anayetazama injini peke yake atasema imefika. Ndiyo maana behewa la mwisho hubeba taa au alama yake: ukiiona, treni ni nzima na kipande cha njia nyuma yake ni kitupu. Usipoiona, huna la kusema kwenye simu.

Na fikirieni mlikuwa wapi. Reli ya Nakuru hadi Kisumu ni kilomita 217 za njia moja. Kutoka Nakuru inapanda Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, halafu inateremka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, mpaka ziwani Kisumu ambako ni kama mita 1,130. Treni iliyoshika mwendo kwenye mteremko kama huo inahitaji mamia ya mita kusimama. Dereva akiliona behewa mbele yake kwenye kona, usiku, ndani ya ukungu, breki atafunga lakini ameshachelewa. Nilifurahi kama nyinyi treni ya abiria iliporudi Kisumu Desemba 2021. Sikufurahi ili watu waje kuuawa kwa simu ya mkubwa.

Kwenye njia moja sheria ya msingi haijabadilika kwa zaidi ya karne: kipande kimoja, treni moja. Zamani kibali kilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, kijiti au kisahani cha chuma kilichoandikwa jina la kipande. Ni kama ufunguo wa choo cha ploti, uko mmoja na aliye nao ndiye aliye ndani. Hata huo ukichezewa unaua. Kule Abermule, Wales, tarehe 26 Januari 1921, mashine za visahani zilikuwa nzima kabisa. Kisahani kikapita mkono kwa mkono kati ya wafanyakazi wenye haraka, dereva akarudishiwa kile kile alichokuja nacho, cha kipande alichokwisha kupita. Hakuna aliyesoma kilichoandikwa juu yake. Treni mbili zikakutana uso kwa uso, watu 17 wakafa. Hiyo ndiyo maana ya kusoma neno kwa neno, ndugu zangu. Mpwa wangu hakuwa anamringia dereva.

Sasa niwape kisa kinachofanana zaidi na chenu. Glenbrook, kwenye vilima vya Blue Mountains magharibi ya Sydney, Australia, tarehe 2 Desemba 1999. Taa mbili zilikwama nyekundu kwa hitilafu. Treni ya masafa marefu, Indian Pacific, ikaruhusiwa kupita ya kwanza, ikafika ya pili ikasimama, dereva akashuka kwenda kutumia simu ya kando ya reli. Nyuma yake ikaja treni ya abiria waendao kazini. Dereva wake naye akaomba ruhusa ya kupita ile taa ya kwanza, akapewa, kwa mazungumzo ya haraka, ya kawaida tu, yasiyofuata utaratibu. Aliyempa ruhusa alidhani Indian Pacific imeshaondoka. Dereva naye akaenda kama mtu aliyeambiwa mbele ni peupe. Akaigonga kwa nyuma. Watu 7 hawakufika kazini siku ile. Someni tena lile jibu la simu ya huku kwetu, "Nadhani imeingia," kisha mniambie mngependa mpwa wangu aliamini.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko hayo yote, nalo ni jinsi lawama inavyomwangukia mtu wa chini baadaye. Tarehe 17 Juni 2024, karibu na Rangapani, West Bengal, India, ishara zilikuwa mbovu tangu alfajiri. Treni zikawa zinapewa fomu ya kupita taa nyekundu. Treni ya mizigo iliyokuwa na fomu hiyo ikaigonga kwa nyuma Kanchanjunga Express. Walikufa takriban watu 10, dereva wa mizigo akiwa mmoja wao. Siku hiyo hiyo wakubwa wakasema kosa ni la dereva, na yeye hayupo kujitetea. Kamishna wa Usalama wa Reli alipochunguza akakuta fomu yenyewe haikutaja mwendo wa kutozidi, madereva waliopita pale asubuhi ile kwa fomu kama hiyo walikwenda kila mmoja kwa mwendo wake, na mafunzo ya kufanya kazi ishara zikizimika hayakutosha. Yaani karatasi ilikuwepo, lakini imejazwa nusunusu. Sasa huyu mkubwa wetu yeye hata ya nusu hakuitaka, na treni ingegonga, nani angesimama mbele ya wachunguzi? Yeye aliyekata simu? Wangemleta binti wa watu.

Nimesoma majibu ya mwanzo huko chini, naongeza haya.

Aliyeuliza kama siku hizi hakuna GPS na simu za kisasa: zipo, na zinasaidia. Lakini kifaa kilicho kwenye injini kinakuonyesha injini iko wapi, hakikuonyeshi behewa la mwisho liko wapi. Na kibali kinaweza kupitishwa kwa simu au redio bila shida, mradi pande zote mbili ziandike, namba ya treni itajwe, mwanzo na mwisho wa ruhusa utajwe, mwendo utajwe, saa iandikwe, na anayepokea arudie yote huku mwenzake akifuatilia kwa kidole. Maneno ya "haya twende, iko sawa" si kibali hata yakitoka kwa mkurugenzi.

Mama aliyeandika kwamba alikuwa na mgonjwa ndani ya treni na hakuna aliyewaambia lolote: pole sana mama, na hapo una haki kabisa. Kuwaacha watu gizani bila neno ni kosa. Gadi alipaswa kupita kila behewa kueleza kwamba ishara zimezima na njia inakaguliwa. Mtu akijua sababu hutulia. Hata hivyo msichana mmoja hawezi kupiga simu mbele na nyuma, kumtuma mtu kwenye pointi, kujaza fomu, na bado awe mtangazaji wa abiria. Usiku wenye hitilafu stesheni inahitaji mtu wa pili. Lalamikieni hilo, nami nitasaini pamoja nanyi.

Na wewe uliyeandika kwamba "dereva ana macho, angeenda polepole tu": hata ukiwa na kibali kamili cha kupita taa mbovu, mwendo unatakiwa kuwa ule unaoweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Kwenye ukungu wa Molo, umbali huo ni mdogo mno. Polepole inaongezwa juu ya kibali. Haichukui nafasi yake.

Ninachotaka ni hiki. Barua ile iondolewe kwenye faili lake, si isamehewe, iondolewe, maana hakuna kosa la kusamehe. Itolewe amri ya maandishi kwamba mtu asiye zamu haruhusiwi kumpigia simu mtu anayetayarisha kibali, awe nani, na kwamba akipiga, jina lake na maneno yake yaingie kwenye daftari la stesheni pamoja na saa. Na vijana hawa wafanyishwe mazoezi ya kazi ya tochi na fomu mara kwa mara, usiku, mvua ikinyesha. Utaratibu unaotumika mara chache ndio unaosahaulika upesi. Ninyi mlioihifadhi klipu, ifuteni. Ana sura, ana jina, na anaishi mtaani nasi.

Sasa naomba msaada kwa wanaojua sheria za kazi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi haki ya kusikilizwa akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama kabla ya kufutwa. Je, haki hiyo tunaweza kuidai mapema, kwenye hatua hii ya barua ya kujieleza? Na daftari la simu la usiku ule, ambalo ndilo lenye ushahidi wote, tunaombaje nakala yake kabla halijapotea? Anayejua aandike hapa leo, jibu la barua linatakiwa Ijumaa.